Sahani ya Kyungu

Kwenye kamio la makala, lori lililobeba magunia ya mkaa, Simone alilipia nafasi ya watoto wawili, na mtoto alikuwa mmoja. Dereva alipokea pesa zote bila kuuliza. Madereva wa makala wana dhambi nyingi, lakini kurudisha pesa hakumo katika hizo.

Mtoto mwenyewe alikuwa Kabange, msichana wa miaka tisa, amekaa juu ya magunia, vumbi jeusi limemwingia hadi kwenye kope. Kando yake palikuwa na nafasi tupu, upana wa makalio ya mtoto, na mama yake alikuwa ameilinda kwa mkono. Mwanamke mmoja mnene aliyepanda njiani aliitazama ile nafasi kwa tamaa.

"Mama, na hapa kuko nani?"

"Kuko muntu," Simone akajibu.

Basi yule mnene akasafiri mguu mmoja chini na mwingine juu, kama korongo, mpaka Lubumbashi.

Desturi ya mapasa, yaani mapacha, ni hiyo. Wa kwanza kutoka tumboni ni Kyungu, wa pili ni Kabange, na tangu siku ile mama yao haitwi tena kwa jina lake. Ni Mama Mapasa. Ukimkuta njiani unampigia makofi, unamtia kitu kidogo mkononi, unamwimbia zile nyimbo ambazo padri akizisikia anaanza kutafuta miwani yake. Ukinunua robe, gauni la mtoto, unanunua mbili. Ukigawa samaki, unagawa mara mbili, na Kyungu kwanza. Mapasa wana wivu, ndivyo tulivyoambiwa. Ukimpendelea mmoja, mwingine anakasirika na kwenda zake. Na mmoja akienda zake, lile neno halisemwi na machozi hayatoki. Unasema ameenda kuokota kuni. Ukilia, aliyebaki atamfuata.

Kyungu alikuwa ameenda kuokota kuni tangu masika ya mwaka uliopita. Homa ilimmaliza kabla tanuru la makala la baba yake halijapoa. Hakuna aliyelia. Sahani yake iliendelea kuwekwa kila mlo, robe yake mpya ilinunuliwa Noeli kama kawaida. Halafu kiangazi kilipoingia, Kabange akaacha kusema. Akaacha na kula, ila vijiko viwili vitatu vya kumnyamazisha mama yake. Akaanza kukojolea mkeka. Shuleni alijificha chini ya benchi, na mwalimu, baada ya kumvuta miguu mara nyingi mno, akamrudisha nyumbani.

Kijiji chao, kwenye barabara ya Kasenga, hakina daktari, lakini kina nabii. Nabii Chishimba hakuhitaji hata kumwona mtoto. Alisema pasa aliyebaki ndiye aliyemla mwenzake, na kwamba wamlete, amfungie kwenye chumba cha maombi bila chakula mpaka aitapike ile nyama. Adalbert, baba wa mtoto, mchoma makala, aliamini nusu. Nusu ile nyingine alimpa mkewe.

"Umupeleke kwa yaya yangu Brigitte, ku Makomeno, bamuangalie ku lopitale. Siku ya posho nitashuka na kamio. Kama haseme, namupeleka kwa nabii. Kijiji yote inatuangalia, Mama Mapasa. Habanunue tena makala yangu. Banasema iko na harufu ya muntu."

Hivyo ndivyo Simone alivyopewa juma moja, mpaka Jumamosi, kuokoa mtoto.

*

Brigitte, yaya yaani dada mkubwa wa Adalbert, alikuwa na nyumba ya matofali huko Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, friza, binti anayeitwa Chancelvie, na mume, Godefroid, ambaye siku hizo alikuwa Sakania akitafuta mafuta ya Zambia ya kuja kuuza. Alikuwa na vitu vyote. Kimoja tu hakuwa nacho: hakuna mtu aliyewahi kumpigia makofi.

Sasa fikiria. Wifi wa kijijini anateremka na vumbi lake, anaingia katika lupango lako, kiwanja cha nyumba yako, na jirani yako Honorine, ambaye hajawahi kukupa hata nyanya moja, anaruka ua akipiga makofi, "Mama Mapasa! Mama Mapasa!", na kumtia noti mkononi. Wapita njia wanasimama. Mzee mmoja anaanza ule wimbo. Brigitte alicheka kwa meno tu. Macho yake yalikuwa yanahesabu makofi.

"Karibu, Mama Mapasa. Ikala. Aa, hapana pale, pale iko kochi ya Godefroid. Ee, basi, ukisha kuikala, ikala."

"Aksanti, yaya. Hata chini ningeikala."

"Mama Mapasa chini? Bantu batasema nini?"

Simone akafungua mzigo wake. Akatoa sahani mbili za bati. Moja nyeupe, ina ua la waridi katikati, inang'aa kama imetoka dukani. Nyingine ya buluu, imebanduka ukingoni, na mahali ilipobanduka pamekuwa peusi kama jino bovu. Akatoa na robe mbili za manjano. Moja ilikuwa imepauka makwapani. Nyingine bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Akatafuta msumari ukutani, akaitundika ile mpya. Kabange aliutazama ule msumari, kisha akajikunyata pembeni ya friza na kuutazama kutoka huko.

Bukari, ugali wa huko, ikaiva, na samaki wa mchuzi. Simone aliweka kwanza sahani ya waridi, akachagua kipande kikubwa, cha tumboni, akakilaza juu ya bukari.

"Hii ya nani?" Brigitte akauliza.

"Ya Kyungu, yaya."

"Kyungu iko wapi?"

"Unajua kwenye alienda."

"Minajua. Njo maana minauliza nani atakula huyu samaki."

Kijijini chakula kile kilikuwa kinakaa mpaka kipoe, kisha Simone anakipeleka kwenye njia ya msituni na kukiacha huko. Mbwa wa kijiji kile ni wanene, wageni wanashangaa. Kabange alikuwa akibaki na sahani yake ya buluu na mkia, akiutazama mgongo wa mama yake ukienda zake na tumbo la samaki.

"Mama Mapasa," Brigitte akasema, kwa ile sauti nyororo ya mtu anayetaka kukuuma, "ku Makomeno hatulishake upepo. Hapa samaki tunanunua." Akanyoosha mkono, akakinyanyua kile kipande kutoka kwenye waridi, akakitupa kwenye sahani iliyobanduka. "Ule iko na kinywa njo akule."

Msimpe Brigitte sifa. Hakujua dawa yoyote. Alikuwa na wivu, na samaki alikuwa ghali.

Simone aliinuka nusu. Lakini Kabange alikuwa amekitazama kile kipande, akakigusa kwa kidole kana kwamba kinaweza kuruka, halafu akakila. Alikula taratibu, akanyonya miiba, akaramba mchuzi uliofika kwenye kiwiko. Chancelvie akampa bukari yake iliyobaki, naye akaimaliza.

Brigitte akatazama huku na huku, akitafuta nani ameona.

Mama mwingine angepiga magoti kumshukuru Mungu. Simone alisikia kitu kama pilipili kifuani. Kwangu amekataa miezi yote hii, akawaza. Nimempikia, nimembembeleza, nimembeba mgongoni na ukubwa wake huu. Na kwa huyu mwanamke wa friza, anakula.

*

Kesho yake walikwenda kwenye kituo cha afya. Benchi lilijaa wanawake na watoto, na mwuguzi, kijana aitwaye Kapya, alikuwa na sauti ya kuuzia dagaa.

"Kabange! Kabange iko wapi? Na Kyungu? Mama, leta bote babili, mapasa tunapimaka pamoja!"

Benchi zima likageuka. Simone akasema polepole, "Kyungu alienda kuokota kuni."

Wanawake wa hapo wanajua kuni hizo. Aliyekuwa karibu naye alimhamisha mtoto wake kutoka goti la kulia hadi la kushoto, mbali na Kabange, na mwingine akasema kwa ukuta, lakini kwa nguvu ya kutosha wote kusikia, "Kuko pasa yenye inakulaka yenzake."

Kabange alisikia. Simone aliona shingo ya mtoto inavyoingia mabegani. Angesema nini, na neno lenyewe haliruhusiwi?

Kapya alimtazama mtoto ulimi, akamminya tumbo, akampigia vidole nyuma ya sikio. Aliandika dawa ya minyoo na vitamini, kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye kabati.

"Masikio iko muzuri. Ulimi iko muzuri. Mwenzake alikufa na nini?"

Simone alimrukia Kabange na kumziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Usiseme ile neno mbele ya mutoto!"

Kalamu ya Kapya ikabaki hewani. "Mama, mutoto hajue?"

"Anajua. Anajua alienda kuokota kuni."

"Tangu mwaka ilipita?"

"Weye uko na mapasa?"

"Hapana."

"Basi andika bitamini yako."

Kijana alikuna kichwa. Aliona kuna jambo, lakini hakujua alishike wapi. Akasema kuna daktari wa mawazo anayekuja pale mara moja kila majuma mawili, siku ya kazi mbili, yaani Jumanne, na wamlete mtoto Jumanne ya juma lijalo.

"Munganga ya mawazo?" Brigitte akacheka njia nzima ya kurudi. "Mutoto wa miaka tisa, mawazo yake iko nini? Analipa nyumba? Mi njo niko na mawazo. Godefroid iko Sakania, hapige hata telefone. Mi njo anipime!"

Simone hakucheka. Jumanne hiyo ilikuwa baada ya Jumamosi, na kamio la Adalbert lilikuwa linakuja kabla ya daktari.

*

Hata hivyo siku zilizofuata mtoto alianza kurudi, kidogo kidogo, kama maji ya bomba la mtaa ule: yanakohoa kwanza, yanatema kutu, halafu yanatiririka. Chancelvie alikuwa anasema kwa midomo ya watu wawili, kwa hiyo kunyamaza kwa Kabange hakukumsumbua. Alimwigizia padri anayesinzia kwenye misa, na Kabange akacheka, kicheko bila sauti, mabega tu. Sahani ya waridi Brigitte aliitilia vitunguu, akaifungia ndani ya kabati. Robe mpya aliifunika na kitenge, akisema inaingia vumbi. Asubuhi moja mkeka ukaamka mkavu.

Brigitte aliubeba mkeka huo mpaka barabarani.

"Honorine! Kuja uguse! Gusa hapa katikati. Ku kwangu mutoto anakauka!"

"Kweli iko mukavu," Honorine akasema, akigusa. "Yaya, uko na mukono."

"Aa, bamama ba ku kijiji ni bazuri, sikatae. Lakini mutoto anataka mukono."

Na mtaa ule ukaanza kumpigia Brigitte makofi. Si mengi. Lakini yeye alikuwa na njaa ya zamani.

Simone alikuwa jikoni akichambua matembele, na kila neno lilimfikia. Alitoka na beseni, akamkuta Brigitte amekaa kwenye kiti, Kabange ameketi chini katikati ya magoti yake, anasukwa. Mtoto alikuwa amelaza shavu kwenye paja la shangazi yake, macho yamefumba. Simone alikuwa hajaliona hilo shavu likilala juu ya mtu tangu masika.

"Miye njo minamusukaka," akasema.

"Na leo upumuzike, Mama Mapasa."

"Unamukaza sana."

"Analia? Halie. Angalia vile analala."

Wivu wa mwanamke dhidi ya mwanamke juu ya mume una kelele. Watu wanakuja kuutazama, wengine na viti. Ule wa juu ya mtoto hauna kelele. Unachambua matembele, unasema aksanti yaya, na unangoja mwenye nyumba aende sokoni.

Alipokwenda, siku iliyofuata, Simone alimwaga vitunguu vya Brigitte kwenye ndoo, akaosha sahani ya waridi mpaka ikalia chini ya vidole. Alipika samaki wote waliobaki. Akamwita Kabange, akamkalisha, akaondoa kitenge kilichofunika robe. Kisha akaweka waridi kwanza, na tumbo la samaki juu yake.

"Unamusahau mwenzako," akamwambia, na aliyaamini anayoyasema. "Unakula, unacheka na Chancelvie, unalala ku magoti ya bantu. Na yeye anakuangalia. Unamufanyisha wivu. Angalia robe yake, vile iko safi. Yako iko namna gani? Angalia sahani yake. Kyungu hajawahi kunisumbua hata siku moja."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Waliokwenda kuokota kuni hawasumbui.

Kabange alikuwa na kipande cha samaki mdomoni. Akakitoa. Akakiweka kwa uangalifu kwenye sahani ya waridi, juu ya kile kingine, akajifuta vidole kwenye robe yake iliyopauka.

Asubuhi yake mkeka ulikuwa umelowa. Simone aliufua nyuma ya nyumba kabla Brigitte hajaamka, akauanika mbali na barabara. Na Mungu amsamehe, alipokuwa anaukamua, alifurahi kidogo.

*

Jumamosi Adalbert alifika mweusi tangu nywele hadi kucha, kamio likingoja kwenye kona, injini haijazimwa.

"Anasema?"

"Hapana," Simone akasema.

"Alikuwa anaanza!" Brigitte akaingilia. "Alikuwa anakula, alikuwa anakauka, alikuwa anacheka! Siku ya kazi mbili munganga ya mawazo atamuona. Muulize bibi yako. Vitunguu yangu nimeikuta mu ndoo. Kuko muntu alimurudisha nyuma."

"Nani?"

"Mi sitaje muntu. Iko na kitambaa ya rangi ya machungwa ku kichwa."

Simone akagusa kitambaa chake. "Yaya, unasema mi namuloga mutoto wangu?"

"Nasema unaniona na wivu."

"Mi? Wivu? Na weye mwenye ulihesabu makofi yangu mpaka ya mwisho?"

"Yangu nilihesabu ku kidole moja, ilitosha!"

"Munyamaze bote!" Adalbert akapiga mguu. "Siku ya kazi mbili munganga anakuja, nabii iko leo. Nikirudi na mutoto vile alivyoenda, bataniunguzia nyumba. Kamata bitu. Kabange iko wapi?"

Kabange akatoka ndani.

Alikuwa amevaa robe ya Kyungu. Mikunjo ya dukani bado ilionekana, imembana makwapani kwa sababu tangu Noeli alikuwa amekua. Alikuwa amejipaka mafuta miguuni. Alishika sahani ya waridi kwa mikono miwili, akapita katikati ya watu wazima, akaketi kwenye mkeka, akaiweka mbele yake.

"Mama," akasema. Sauti ilikuwa ya kutu. "Samaki yangu."

Adalbert akaruka. "Anasema! Yaya, anasema! Kabange anasema!"

"Mi haiko Kabange," mtoto akasema. "Mi njo Kyungu."

Juu ya ua, Honorine akaacha kushika ua, akajifanyia ishara ya msalaba, akashika tena ua asipitwe.

Uso wa Adalbert ulikufa chini ya makala. "Munaona? Nabii alisema. Iko mu tumbo yake. Iko inasemea ndani." Akamshika mtoto mkono. Kamio likapiga honi.

"Ngoja," Simone akasema. Alipiga magoti mbele ya mkeka. Alikuwa anaogopa kama wote, lakini alikuwa mama, na lazima amwulize mtoto wake mwingine aliko. "Na Kabange? Kabange iko wapi?"

"Alienda kuokota kuni."

"Juu ya nini alienda?"

Mtoto alimtazama kama mtu anavyomtazama mjinga. "Ule mwenye anaendaka kule, banamuwekeaka samaki ya kwanza. Robe yake haichafukake. Habamupigake kelele." Akafuta vumbi kwenye ua la waridi kwa kidole gumba. "Kila siku mama anamuita. Kabange akienda, utamuita na yeye."

Hapo Simone alielewa, na laiti asingeelewa. Miezi yote hiyo walikuwa wanambembeleza aliyekufa asione wivu. Mwenye wivu alikuwa huyu hapa, huyu wa mkia wa samaki, amekaa mbele yao, anatafuta njia ya kwenda huko kunakopendwa watu.

Adalbert alikuwa amemwinua mtoto kwa kwapa, robe ikaachia uzi. Honi ikapigwa tena.

Simone akaketi chini. Si kwenye mkeka: kwenye udongo. Alinyoosha miguu kama wanavyoketi wafiwa, akafungua kitambaa chake cha rangi ya machungwa, akaweka mikono kichwani.

"Kyungu yangu alikufa!"

"Nyamaza!" Adalbert akapiga kelele. "Utaua na huyu!"

"Alikufa! Alikufa na homa, mutoto yangu, mu mikono yangu! Kyungu ee! Mama ee! Alikufa, na hatukumulilia!"

Ulikuwa mlio wa mwaka mzima, na mlio wa namna hiyo hauulizi desturi. Uliruka ua, ukafika bombani. Wanawake waliokuwa wanateka maji waliacha ndoo zikifurika. Brigitte alikuwa amejiandalia maneno mengine matano ya kumchoma wifi yake, na yote akayaacha. Akafungua kitambaa chake, akajishusha na uzito wake wote, akaketi kwenye udongo kando ya Simone, ubavu kwa ubavu, akaanza naye. Hata Honorine alilia juu ya ua, na alikuwa hajamwona mtoto yule hata mara moja.

Mkono wa Adalbert ukamwachia mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa amechimba lile kaburi, akalifukia, akarudi kwenye tanuru lake siku ileile akipiga mluzi, ili asilie. Aligeukia ukuta wa jiko. Alipogeuka tena, mashavu yake yalikuwa na mistari miwili ya ngozi safi.

Kabange alisimama na robe yake ya kubana, akiwatazama. Alikuwa hajawahi kuwaona watu wazima hivi.

"Mama. Hatarudi na kuni?"

"Hatarudi, mwana. Hakuendaka ku kuni. Tulikudanganya. Homa ilimuua. Ile siku tulikupeleka kwa nyanya, njo tulimuzika, nyuma ya nyumba ya zamani, kwenye mulikuwa munacheza."

Mtoto akafikiri. Lilikuwapo swali lingine, na lilikuwa limekaa kwenye koo lake tangu kiangazi, na kwa sababu yake maneno mengine hayakuwa na njia ya kupita.

"Miye sikumukula?"

"Haukumukula!" Ilikuwa sauti ya Adalbert. Ilimtoka kabla hajamfikiria nabii. "Haukumukula, mama. Mi nasema. Mi njo baba yako."

Basi Kabange akaangusha sahani, akajitupa kwenye mapaja ya Simone, na akalia na yeye. Alilia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, na kamasi. Na mama yake akamshika, akimwita, "Kabange, Kabange wangu, Kabange," mpaka lile jina likazoea tena mdomo.

Kamio lilipiga honi ya tatu, ndefu, kisha likaondoka zake na moshi wake.

"Na nabii," Adalbert akasema baadaye, ameketi kwenye kizingiti na kikombe cha maji, "nitamuambia nini?"

"Umuambie aombee makala yako, inatoa moshi sana," Brigitte akasema. "Siku ya kazi mbili tunaenda kwa munganga ya mawazo. Na weye utaenda. Na unawe. Siende na muntu kama sufuria." Kisha akageuka, akampa Simone mkono. "Mama Mapasa, simama ku udongo."

"Usiniite tena ile, yaya. Nililia. Imeisha."

"Nani aliisha? Ulizaa babili ao haukuzaa babili? Simama. Enda uikale ku kochi ya Godefroid, mwenyewe harudie."

Walimvua mtoto ile robe. Simone aliikunja juu ya magoti yake, akailainisha, na machozi yalianguka juu yake, na safari hii hakuna aliyemwambia ayafute. Halafu akamwona Chancelvie amesimama karibu, mtoto mzuri, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amekosa la kusema.

"Hii tutamupatia Chancelvie," akasema. "Alikuchezesha muzuri, yaya yako. Kamata, mwana."

Chancelvie akanyoosha mkono. Lakini mkono mwingine, mwembamba, wenye mafuta na kamasi, ulitoka haraka zaidi, ukaidaka robe kwenye pindo.

"Hapana!" Kabange akasema. "Yeye iko na robe tatu! Nilihesabu!"

"Mama alinipatia miye!" Chancelvie akalia, akivuta.

"Acha! Weye uko na yote!"

Adalbert alisimamisha kikombe hewani. Robe ilikuwa imenyooka katikati ya wasichana wawili, kwapa lake likiachia uzi baada ya uzi, na Simone hakunyoosha mkono kuwaamua. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akasogea karibu ili asikie vizuri.

"Iko ya nani?" akauliza.

"Ya Kabange!" mtoto akasema, na akavuta kwa nguvu zake zote.